Chama cha Wengi, Ada ya Uwakala na Nguvu ya Mwajiri: Mizani ya Sheria ya Kazi Imesimama Wapi?

Na Mwandishi Wetu

Kila mwisho wa mwezi, mfanyakazi anapopokea hati yake ya mshahara, macho hutangulia kwenye tarakimu ya mwisho, ile ya fedha inayobaki mkononi. Baadaye ndipo hurudi juu kutazama makato: kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii na, kwa wengi, fungu la chama cha wafanyakazi. Kwa aliyejaza fomu kwa hiari yake, fungu hilo halina kitendawili. Lakini wapo ambao hawakuwahi kujiunga na chama chochote na bado wanakatwa. Swali lao ni fupi: nani aliruhusu fedha yangu iende huko?

Swali hilo limekuwa likiulizwa viwandani, migodini, mashambani na maofisini, na limezaa mjadala mpana kuliko fedha yenyewe. Upande mmoja wapo wanaosema makato hayo ni mzigo usio wa haki kwa mtu asiye mwanachama. Upande wa pili wapo wanaosema kwamba bila chama chenye nguvu na mapato ya uhakika, mfanyakazi atabaki peke yake mbele ya kampuni yenye wanasheria, wahasibu na mtaji. Makala hii inaeleza sheria inasemaje kwa upande wa Tanzania Bara, kwa nini inasema hivyo, na ni wapi ambapo mjadala una haki ya kuendelea. Zanzibar ina sheria zake za kazi, zilizotungwa mwaka 2005.

Tulikotoka

Harakati za wafanyakazi katika nchi hii ni za zamani kuliko uhuru. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waliweka kazi chini, na mgomo wao ukasambaa kufuata reli ya kati hadi miji ya bara. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, Katibu Mkuu wake wa kwanza akiwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu. Vyama vya wafanyakazi vilikwenda bega kwa bega na harakati za kudai uhuru.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1964, kufuatia maasi ya jeshi ya mwezi Januari, TFL ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja cha nchi nzima ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, ikiwa jumuiya ya Chama tawala, na mwaka 1991 ikafuata OTTU. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika Julai 2000, ndiyo iliyofungua mlango wa vyama huru vya kisekta, na mwaka uliofuata, 2001, likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanzania, TUCTA. Hata katika medani ya kimataifa safari ilikuwa na vituo viwili. Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, unaohusu haki ya kujiunga na kujadiliana kwa pamoja, Tanganyika iliuridhia mwaka 1962, Mkataba Na. 87 unaohusu uhuru wa kujumuika Tanzania iliuridhia mwaka 2000.

Historia hii inaeleza kwa nini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, Sura ya 366 ya Sheria za Tanzania, inatilia mkazo mno neno uhuru. Kwa miaka mingi mfanyakazi hakuwa na chama kingine cha kukimbilia, apende asipende. Sheria ya sasa ilitungwa ili chama kisiwe tena mali ya yeyote zaidi ya wanachama wake. Katiba nayo, katika Ibara ya 20, inalinda haki ya mtu kushirikiana na wenzake na papo hapo inapiga marufuku mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote.

Chama kisicho mfukoni mwa mwajiri

Hofu ya kwanza katika mjadala huu ni kwamba kampuni kubwa inaweza kukishika chama na kukiendesha kutoka ofisi ya utawala. Sheria imeweka vizuizi kadhaa dhidi ya jambo hilo.

Kwanza, ili chama kisajiliwe na Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri, ni lazima kiwe kimeanzishwa katika mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20, kisiwe cha kutafuta faida, na kiwe huru dhidi ya mwajiri yeyote au chama chochote cha waajiri. Chama kilichoundwa na kampuni ili kijadiliane na kampuni hiyo hiyo hakina nafasi katika daftari la Msajili.

Pili, mtumishi wa ngazi ya juu ya uongozi, yule anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kutia saini mikataba ya pamoja, haruhusiwi kuwa katika chama kinachowawakilisha wafanyakazi wa ngazi za chini wa mwajiri huyo. Mantiki yake ni nyepesi: mtu mmoja hawezi kukaa pande mbili za meza.

Tatu, wawakilishi wa chama wana haki ya kuingia mahali pa kazi kuandikisha wanachama, kuzungumza nao na kufanya mikutano nje ya saa za kazi. Mwajiri anaweza kuweka masharti ya busara yanayolinda usalama na uzalishaji, lakini hawezi kufunga lango. Penye wanachama zaidi ya 100, chama kina haki ya wawakilishi 15 kazini, na wasiopungua watano kati yao wanatakiwa kuwawakilisha wanawake, iwapo wapo wanawake walioajiriwa hapo na ni wanachama.

Nne, na pengine ndilo lenye uzito kuliko yote, kumwachisha mtu kazi kwa sababu ni mwanachama, au kwa sababu ameshiriki shughuli halali za chama ukiwemo mgomo halali, ni kuachishwa kazi kusiko halali. Hapa sheria inaukataa waziwazi ule utaratibu wa mwenye nguvu mpishe.

Kanuni ya wengi

Mahali pamoja pa kazi panaweza kuwa na vyama viwili au zaidi vilivyosajiliwa. Je, mwajiri ajadiliane na kipi? Sheria ya Tanzania imechagua kanuni ya wengi: chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi katika eneo husika la majadiliano ndicho chenye haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Mwajiri haruhusiwi kukipa hadhi hiyo chama chenye wachache, hata kama anakipenda zaidi kwa upole wake.

Chama kikitoa taarifa ya kuomba kutambuliwa, mwajiri anatakiwa akutane nacho ndani ya siku 30. Akikataa au wasipoelewana, suala linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa usuluhishi, na likishindikana huko linaamuliwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Wingi nao si hati ya kumiliki chama maisha yote. Chama kikipoteza wingi wake, mwajiri anatakiwa kukipa notisi ya miezi mitatu kiurejeshe. Kikishindwa, utambuzi wa pekee unaondolewa.

Wanaoiunga mkono kanuni hii wanasema inaleta utulivu. Mwajiri anajua anazungumza na nani, na wafanyakazi wanazungumza kwa sauti moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wanaoipinga wanasema chama kidogo, hata kikiwa na hoja nzuri, hubaki nje ya mlango, na kwamba ushindani wa vyama kutafuta wingi wakati mwingine hugeuka ugomvi wa kugombea makato badala ya hali bora za kazi. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa ni mfanyakazi ambaye mkataba wake wa hali bora haujajadiliwa kwa sababu viongozi wanahesabiana wanachama.

Ada ya uwakala

Hapa ndipo tunarudi kwenye hati ya mshahara. Mkataba wa hali bora ukisainiwa na chama cha wengi, hauwafai wanachama peke yao. Nyongeza ya mshahara, posho ya usiku au utaratibu wa likizo humfikia kila mfanyakazi wa eneo hilo la majadiliano, awe mwanachama au la. Likazuka swali la haki: je, ni sawa mmoja achangie gharama za majadiliano na mwenzake avune bila kupanda?

Jibu la sheria ni ada ya uwakala. Chama kinachotambuliwa na mwajiri wanaweza kukubaliana, kwa mkataba wa pamoja, kwamba wafanyakazi wasio wanachama wakatwe ada. Lakini ruhusa hiyo imezungushiwa ua. Asiye mwanachama halazimishwi kujiunga na chama. Makubaliano yoyote ya kumlazimisha hayatekelezeki kisheria. Ada yake haiwezi kuzidi ile anayolipa mwanachama. Fedha hizo zinatakiwa kuwekwa katika akaunti ya pekee, na zitumike tu kuendeleza au kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa mahali hapo pa kazi. Ni marufuku kuzitumia kulipia chama cha siasa au mgombea.

Kwa hiyo mfanyakazi anayeuliza "nani aliruhusu?" anapaswa kwanza kutazama ni makato ya aina gani. Kama ni michango ya mwanachama, lazima iwepo fomu yenye saini yake. Bila fomu hiyo mwajiri hana idhini ya kukata, na mwanachama anaweza kuiondoa idhini kwa notisi ya mwezi mmoja. Kama ni ada ya uwakala, lazima kuwe na mkataba wa pamoja unaoianzisha, na chama kinachoipokea kiwe ndicho kinachotambuliwa. Kusipokuwa na kimojawapo, makato hayo hayana msingi.

Hata hivyo, mtazamo wa haki unatudai tuseme jambo moja zaidi. Makubaliano ya ada ya uwakala husainiwa na watu wawili, chama na mwajiri, na hakuna hata mmoja wao anayeilipa. Anayelipa hakuwa mezani. Sheria inataka hesabu za chama zikaguliwe na kuwasilishwa kwenye mkutano wa wanachama na kwa Msajili. Lakini asiye mwanachama hana kiti katika mkutano huo. Ndiyo kusema akaunti ile ya pekee inaweza kutimiza masharti yote, na bado mwenye fedha asijue imetumikaje. Chama kinachobandika ubaoni, kila mwaka, mapato na matumizi ya akaunti hiyo hakipungukiwi na kitu, bali kinajiongezea heshima na, mara nyingi, wanachama.

Mkono ushikao daftari la mishahara

Kuna upande mwingine wa makato usiotajwa sana. Mapato ya chama hupita kwanza mikononi mwa mwajiri. Mhasibu wa kampuni ndiye anayekata na ndiye anayepeleka. Kampuni inayotaka kukidhoofisha chama haihitaji kukipinga hadharani. Inaweza tu kuchelewesha fedha mwezi mmoja, miwili, mitatu, hadi tawi lishindwe hata nauli ya kuhudhuria usuluhishi.

Watunga sheria waliliona hilo. Michango ya wanachama inatakiwa kuwasilishwa kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi ilipokatwa. Mwajiri akichelewa bila sababu ya msingi, anadaiwa nyongeza ya asilimia 5 ya deni kwa kila siku inayopita. Ni adhabu kali. Kwa deni la shilingi milioni 1, siku 20 tu za kuchelewa zinaongeza milioni nyingine. Chama kinachoijua haki hiyo na kuidai hakiishi kwa hisani ya ofisi ya uhasibu. Chama kinachonyamaza, kikaona ni heri kuelewana na utawala kuliko kudai, kimeanza safari ya kuingia mfukoni bila hata kusukumwa.

Nguvu ya kampuni huonekana pia katika muundo wa ajira. Walinzi, wafanya usafi, wapakiaji na hata waendesha mitambo wanapoletwa na mzabuni, mwajiri wao kisheria ni yule mzabuni, ingawa wanapokea maelekezo ya kazi chini ya paa la kampuni nyingine. Watu hao hawahesabiwi katika eneo la majadiliano la kampuni kubwa, na mkataba wa hali bora wa kampuni hiyo hauwagusi. Wawili wanaosimama kwenye mstari mmoja wa uzalishaji wanaweza kuwa na masharti mawili tofauti kabisa. Hapa changamoto ni ya vyama vyenyewe: kuwafuata wafanyakazi hao kwa wazabuni wao na kuwaandikisha huko.

Wengine wanafanyaje

Tanzania haiko peke yake katika mjadala huu. Kenya, kupitia Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, inatumia pia kanuni ya wengi na inaruhusu ada ya uwakala, lakini huko makato huanza kwa amri ya Waziri. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 1995, inaruhusu ada hiyo na imekwenda mbali zaidi kwa kuruhusu, kwa masharti ya kura ya theluthi mbili, makubaliano yanayomtaka kila mfanyakazi awe mwanachama. Marekani imegawanyika: sheria ya shirikisho ya mwaka 1947 iliyaachia majimbo uamuzi wa kupiga marufuku makato ya lazima kwa wasio wanachama, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliyapiga marufuku kwa watumishi wa umma nchi nzima. Jimbo la Michigan, ambalo lilikuwa limepitisha marufuku hiyo, likaifuta kwa sekta binafsi mwaka 2023. Tanzania imesimama katikati: haimlazimishi mtu kujiunga, wala haimwachi avune bila kuchangia pale makubaliano yalipofikiwa.

Mgomo ni silaha ya mwisho

Majadiliano hayana maana kama upande mmoja hauna la kufanya mwingine ukikataa. Ndiyo maana sheria inatambua haki ya mgomo kwa wafanyakazi na haki ya kufungia nje kwa waajiri. Ila njia yake ina ngazi. Mgogoro uwe wa maslahi, upelekwe CMA, usuluhishi wa siku 30 ushindikane, wanachama wapige kura kwa mujibu wa katiba ya chama na walio wengi kati ya waliopiga waunge mkono, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Anayefuata ngazi hizo analindwa dhidi ya kuachishwa kazi, na mwajiri haruhusiwi kuleta watu wa kuziba nafasi zao, ingawa halazimiki kulipa mshahara wa siku za mgomo. Anayeziruka anapoteza kinga hiyo. Huduma muhimu, kama vile maji na usafi wa mazingira, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege, zina utaratibu wao, kwa sababu mgomo hapo hugharimu maisha ya wasiohusika.

Kwa upande wa kupunguza wafanyakazi, sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kufanya hivyo, atoe maelezo yote muhimu, na ashauriane na chama juu ya sababu, njia za kuepuka, vigezo vya uteuzi na malipo. Tofauti ya chama hai na chama cha jina huonekana hapo. Chama hai huomba hesabu na kuuliza maswali. Chama cha jina husaini mahudhurio.

Wajibu wa kila upande

Serikali imeendelea kupanga sakafu ya mishahara. Amri ya Mishahara kwa sekta binafsi iliyoanza kutumika Januari 1, 2026 imepandisha kima cha chini kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322 kwa mwezi. Lakini kima cha chini ni sakafu, si dari. Kinachojengwa juu ya sakafu hiyo kinategemea majadiliano kazini, na majadiliano yanategemea chama ambacho wafanyakazi wanakiamini na mwajiri anakiheshimu.

Mfanyakazi anayeona haki yake imeguswa anashauriwa asikae na manung'uniko. Aombe nakala ya fomu au mkataba unaohalalisha makato yake. Aulize kwenye tawi, kwa maandishi, akaunti ya ada ya uwakala imetumikaje. Mgogoro usipokwisha, afike CMA iliyo karibu naye, akizingatia muda: mgogoro wa kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Wengi wamepoteza madai ya haki kwa kusubiri ahadi za mdomo hadi siku hizo zikapita.

Mwajiri naye akumbuke kwamba chama dhaifu si faida kwake. Manung'uniko yasiyo na msemaji hayafi. Hutokea siku moja yakiwa mgomo usio na notisi wala kiongozi wa kuzungumza naye. Na viongozi wa vyama wakumbuke ya mtu yule aliyeshika hati ya mshahara mwisho wa mwezi. Swali lake si la ukaidi. Ni la mwenye fedha anayetaka hesabu, na anastahili kujibiwa.